Beberu wa Kisima

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa Februari. Kakuma. Upepo ulianza kabla jua halijatoka, ule wa vumbi linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Kufika saa nne ulikuwa umetulia, joto likabaki peke yake.

Naandika haya nikiwa kwa ndugu yangu mkubwa, nimekalia mtungi mtupu nilioulaza ubavu, daftari liko magotini. Mimi si mtu wa kuandika sana. Niliishia darasa la sita, na daftari hili nililianza tu kwa sababu binti yangu alinipa kurasa zilizobaki za mwaka jana. Kwa hiyo nikikosea mahali, ni kukosea kweli, si kuficha. Ninachotaka kuandika ni jinsi neno moja, ambalo nalijua tangu nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, lilivyonigeuka mdomoni, na jinsi lilivyokaribia kumfungia kibanda mama mmoja wa chai.

Ndugu yangu ni mwenyekiti wa kamati ya kisima kilicho kando ya soko, pale kambi ya wakimbizi inapokutana na sisi wenyeji. Ufunguo wa nyumba ya pampu anauvaa shingoni kwa ukanda wa ngozi. Niseme la haki kwanza. Pampu ilipoharibika, ni yeye aliyekwenda na kurudi Lodwar wiki baada ya wiki kuwasumbua watu wa ofisi mpaka fundi akaja. Wengine walikaa. Kwa hiyo ukame ulipozidi na yeye akaweka utaratibu, sikuona ubaya wake. Kukicha, mbuzi na nyumba za wenyeji. Watu wa kambi, baada ya saa sita mchana. Alisema kambi ina mabomba yake huko ndani. Ni kweli inayo. Ni kweli pia kwamba mabomba hayo hufunguliwa saa chache tu, na yako mbali na soko.

Mama wa chai ni Msudani Kusini. Kibanda chake cha mabati kiko hatua chache kutoka kisimani, na humo analea watoto wake wawili na watatu wa dada yake aliyekufa. Chai ya soko hunywewa asubuhi, wachuuzi wa mbuzi wanapofika. Saa sita wameshaondoka. Mtu ataniuliza, si achote leo aweke kwa ajili ya kesho? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanionyesha: saa sita tangi huwa limebaki maji ya chini, mtu akibahatika anapata mtungi mmoja, na mtungi mmoja ni wa watoto. Alisema utaratibu huo ukikaa mwaka mzima, atang'oa mabati arudi kukaa ndani ya kambi kungoja mgao. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akinimiminia chai.

Basi Jumanne ya tarehe kumi na moja kulikuwa na mkutano wa kuamua kama utaratibu ubaki. Afisa wa maji alitoka Lodwar kuja kuandika. Wazee wetu wengi hawasikii Kiswahili, na watu wa kambi hawasikii Kiturkana, na mkalimani wao alikuwa mgonjwa. Ndugu yangu akanipigia simu Kanamkemer, pale Lodwar, ninakoishi. Mimi kazi yangu ni kufagia zahanati, lakini wauguzi huniita niwatafsirie akina mama, kwa sababu najua lugha zote mbili sawasawa. Au nilidhani hivyo.

Upande wa kambi alisimama mwalimu mmoja Mkongomani, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla ya Kakuma alikaa Kigoma miaka mingi, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Hakupayuka. Aliunganisha mikono nyuma akasema:

"Mwenyekiti, wewe umekuwa beberu wa kisima hiki. Wewe mbele, sisi nyuma. Hakuna anayekunywa kabla yako. Tunalisema leo mbele ya serikali, ili liandikwe."

Nilifurahi, na siwezi kuficha. Nilikuwa nimekwenda pale nikitegemea matusi, na sasa naona mgeni anamsifu ndugu yangu kwa sifa ya kwetu kabisa. Kwetu mwanamume hujulikana kwa dume la mifugo analolipenda. Baba yetu aliitwa kwa rangi ya fahali wake kuliko kwa jina lake la kanisani. Na beberu, kwangu mimi, ni beberu: yule mbuzi dume mwenye ndevu na harufu, anayetangulia kundi kutoka zizini, njuga ikilia, na wengine wote wanamfuata. Kwa hiyo nikageuka nikawaambia wazee kwa Kiturkana kwamba mgeni huyu anasema mwenyekiti ni dume la kisima, anatangulia, na watu wote wanamfuata kwenye maji.

Nilipamba kidogo. Nakumbuka niliongeza neno la ndevu.

Wazee wakacheka kwa raha. Akina mama wakapiga vigelegele. Ndugu yangu akasimama, akainua mikono juu ya kichwa na kuikunja kama pembe, akazunguka mara mbili kama wanavyocheza vijana, na ana mvi huyo. Mwalimu alibaki amesimama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Halafu akaketi. Mama wa chai aliinuka, akajifunga kanga, akaondoka bila kunitazama. Nilidhani anawahi watoto.

Afisa wa maji hakusikia chochote. Simlaumu, simu yake ililia akaenda kando kuzungumza. Aliporudi akamuuliza mzee aliyekuwa karibu naye kumesemwa nini, mzee akamwambia watu wa kambi wamemsifu mwenyekiti. Akaandika hivyo, na kwamba utaratibu ubaki. Nilimwona akiandika.

Nyumbani Kanamkemer nilimsimulia binti yangu, aliye kidato cha tatu, kwa sababu nilijivunia. Alikuwa anachana nywele. Nilipofika kwenye neno lile mkono wake ukasimama na kitana ndani ya nywele.

"Mama, alisema beberu? Kwa mtu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na wewe ukasema mbuzi?"

"Sasa ningesema ng'ombe?"

"Mama, umechoma. Umeharibu kabisa."

Alileta kamusi yake, ile iliyopoteza jalada. Tukasoma pamoja, kidole changu chini ya maneno. Maana ya kwanza, mbuzi dume. Ya pili, mtu au nchi inayotawala wengine kwa nguvu na kuwanyonya. Mkandamizaji. Alisema wao hufundishwa hilo neno kwenye historia, mabeberu hivi, ubeberu vile, ni neno la mtihani. Mimi darasa la sita sikufika huko.

Sijui nieleze vipi nilivyoshtuka. Nilijaribu kurudia maneno ya mwalimu kichwani, na kila moja likageuka upande wa pili. Wewe mbele, sisi nyuma. Hakuna anayekunywa kabla yako. Mtu alisimama mbele ya serikali akamwita ndugu yangu dhalimu, mimi nikachukua neno lake nikalivisha njuga, na ndugu yangu akacheza. Upande wa kambi waliona nini? Waliona mtu ameambiwa anawakandamiza, akainua mikono kwa furaha, na watu wake wote wakamshangilia.

Binti yangu alicheka kwanza, halafu akanitazama usoni akaacha.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa afisa, hapo hapo Lodwar. Alinisikiliza vizuri, hilo nalisema. Akasema kumbukumbu zimeshapigwa chapa, na mwisho wa mwezi zinatiwa muhuri. Baada ya hapo utaratibu ni wa mwaka mzima. Nikamwambia basi afute. Akasema hawezi kufuta sifa ya mwenyekiti kwa sababu dada yake amekuja kusema haikuwa sifa. Ni mwenyekiti mwenyewe aitishe mkutano tena. Niliona ana haki. Niliona pia kwamba amenirudishia jiwe lote mkononi.

Alhamisi nikashuka Kakuma. Nilikuwa nimepanga maneno: nitaanza na salamu, niulize hali ya mbuzi, halafu polepole. Nikapitia kisimani kwanza, na hapo maneno yote yakaniishia.

Mlango wa nyumba ya pampu ulikuwa umepakwa rangi. Herufi nyekundu, kubwa, zenye kivuli cheusi kama za kinyozi: MWENYEKITI BEBERU. Na chini yake mbuzi amechorwa, ana ndevu nzuri.

Foleni ya watu wa kambi ilikuwa imekaa kwenye jua mbele ya mlango huo, mitungi yao imepangwa, wakisubiri saa sita. Nilisoma mara tatu. Nilitamani kuvua kitenge changu niufunike.

Mama wa chai alikuwa kibandani, jiko halina moto. Nilimwambia ejok, salamu ya kwetu, hakuitikia. Nikakaa kwenye benchi lake hata hivyo, nikamweleza: neno lile kwangu lilikuwa mbuzi. Mbuzi tu. Alinitazama, nadhani akipima kama namdanganya.

"Wewe nafikiri beberu ni mbuzi," alisema.

"Ni mbuzi. Kwetu ni mbuzi mzuri."

"Dada, mimi nafikiri huyu mutu anajua. Nafikiri anaandika juu ya mlango ili sisi nasoma kila siku." Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na sauti, akijifuta macho kwa kanga. Aliponyamaza akasema kicheko hakichemshi maji.

Mwalimu aliitwa, akaja. Yeye ndiye alinieleza safari ya neno lenyewe, na nimejaribu kukumbuka alivyosema. Alipofika Kigoma akiwa kijana, mabeberu walikuwa watu wa mbali, wa ng'ambo, waliokuja zamani kuchukua nchi za watu. Hakuna aliyewahi kumwona mmoja. Baadaye neno likasogea karibu: mgeni yeyote aliyesema jambo lisilopendwa akaitwa beberu. Likachakaa. Hapa Kakuma watoto wa kambi wanaitana hivyo kwenye soketi za kuchajia simu, anayeshikilia soketi ni beberu wa chaji, na wanacheka.

"Mimi nililichukua nikijua limechakaa," alisema. "Nilitaka liume tena. Nikaona mwenyewe analicheza ngoma. Mama, siku ile sikupata usingizi."

Nikamuuliza mchoraji wa mlango ni nani. Akasema ni kijana wa Burundi, wa mabango ya saluni, anajua Kiswahili vizuri sana. Alimuuliza ndugu yangu mara mbili, mzee una hakika? Ndugu yangu akamwambia aongeze ukubwa.

Nilipomkuta ndugu yangu alikuwa zizini. Kulikuwa na beberu mmoja mweusi amefungwa kando, wa kuchinjwa Jumapili kwa ajili ya jina jipya. Sikuanza na salamu. Nilimwambia yote kwa mkupuo, nikiwa nimeshika ukingo wa zizi, neno na maana yake na mlango na mama wa chai. Hakunikatiza. Uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo. Mwishoni aliuliza jambo moja.

"Mchoraji alijua?"

"Alijua."

"Na wale wa foleni, kila siku?"

"Kila siku."

Akakaa chini palepale, kwenye samadi, mtu anayejali nguo zake. Niliogopa. Halafu hasira ikaja, na ilikuja kwangu. Alisema mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Alisema afadhali ningekaa na ufagio wangu. Hapo nilimwona hana kosa. Lakini aliposema watu wa kambi ni waongo, kwamba hamkandamizi mtu, nilimwambia atazame.

Ilikuwa saa ya kunywesha tena. Wifi, mke wake, alikuwa amemimina maji aliyochota kukicha kwenye birika la mifugo. Beberu mkubwa wa kundi akaingiza miguu miwili ya mbele ndani ya birika, akainamisha kichwa, na kila jike aliyesogea akapigwa pembe. Vitoto vikarudi nyuma. Alikunywa, akainua kichwa, akatazama huku na huku, akanywa tena, na alikuwa ameshiba, yeyote aliyechunga mbuzi angeona kwamba ameshiba. Nilichunga mpaka miaka kumi na miwili. Nimeona jambo hilo labda kila siku ya utoto wangu na nililiita nguvu. Sikuwahi kusimama upande wa wale waliokuwa wakingoja.

Sikumwambia ndugu yangu hayo. Tulitazama tu wote wawili. Labda ilikuwa ukatili, kumwonyesha mtu mbuzi wake namna hiyo. Bado sijui.

Leo asubuhi mkutano ulikuwa kisimani. Aliuitisha yeye mwenyewe, na afisa akaja. Ndugu yangu alisema nitafsiri mimi, niliyeharibu. Nikasimama. Mwalimu akarudia maneno yale yale, mikono nyuma. Mimi nikayasema kwa Kiturkana mara hii bila njuga na bila ndevu: kwamba watu hawa wanasema mwenyekiti anawatawala kwa nguvu, anashika maji na wao wanabaki na kiu. Nikawaambia wazee pia kwamba mara ya kwanza niliwadanganya, bila kujua, na walipocheka walichekea kilio cha mtu.

Mzee mmoja aliyekuwa amecheka kuliko wote siku ile alivua kofia yake akaitazama ndani.

Ndugu yangu akamgeukia mwalimu. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha sokoni, hakutaka nimsemee.

"Wewe ulikuwa natukana mimi?"

"Nilikuwa nakushitaki, mzee. Si kutukana."

"Na mlango watu nasoma wiki yote. Kwa nini hakuna mtu naambia mimi?"

Ni mama wa chai aliyejibu, kutoka nyuma, amebeba mtoto wa dada yake mgongoni. "Nani naenda kuambia mutu mkali kwamba ameandika ukali yake kwa mlango?"

Kuna watu walicheka, wa pande zote mbili, kisha wakajizuia. Ndugu yangu hakucheka. Alishika ule ukanda wa shingoni. Nilikuwa karibu naye na niliona kidole chake kinausugua ufunguo. Halafu akasema kwa Kiturkana, na hapa nikatafsiri, kwamba yeye si hicho alichoitwa. Alipigania kisima hiki na Mungu anajua. Lakini mtu hawezi kujiita mwenyewe, wengine ndio wanaomwita, na kama hilo ndilo jina waliloliona kwake, basi ufunguo ushikwe na wengine pia. Siku moja kamati, siku moja mama wa chai. Foleni iwe moja, kuanzia kukicha, aliyefika kwanza achote kwanza. Mbuzi wanyweshwe jioni.

Wazee wetu wawili walinung'unika kuhusu mbuzi, na wana haki, jioni njia ya malisho ni ndefu. Hilo halijaisha. Lakini afisa alitoa kumbukumbu zake kwenye bahasha, akapiga mstari juu ya sentensi ile, akaandika nyingine, na ndugu yangu akaweka kidole gumba. Mama wa chai alipokea ufunguo kwa mikono miwili. Hakumshukuru, wala yeye hakungoja shukrani. Aliuvaa shingoni, ukanda ukiwa mrefu kwake, akaenda moja kwa moja kufungua, na foleni ikaanza hapo hapo, wenyeji na wakimbizi mtungi kwa mtungi. Moshi ulitoka kibandani kwake kabla ya saa tano.

Mimi ndugu yangu hajaniambia neno tangu mkutano, isipokuwa moja. Tulipokuwa tunarudi alisema nisimtafsirie tena. Nilisema sawa. Nimeumia, lakini nikijiweka mahali pake nami ningesema hivyo hivyo. Mchoraji alikuja mchana na chokaa. Amepaka mara mbili, ndugu yangu akimsaidia, na herufi bado zinaonekana kwa chini, nyekundu ile ni kali. Mbuzi ameachwa, ndugu yangu alisema mbuzi hana kosa. Yule beberu mweusi amefunguliwa, amerudi kundini.

Jioni tumekula ugali na maharagwe. Maharagwe yalichelewa kuiva, na ndugu yangu alikula chokaa ikiwa bado kwenye kucha zake. Wifi alipoteleka jua lilikuwa limeshainama, kwa sababu alipofika kisimani alikuta foleni, akajipanga kama wengine.